Mgeni Akija Pwani Ale Nini?

Kuna usemi ambao sote tumelelewa nao: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku hizi wageni wanakuja Pwani kwa wingi, kwa treni, kwa mabasi na kwa ndege, hasa mwisho wa juma na siku za mapumziko. Lakini je, mwenyeji amepona? Na huyo mgeni mwenyewe, anapofika kwetu, anakula nini?

Maswali haya yalinijia nikiwa Lamu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na miaka mingi ilikuwa imepita bila ya kutia mguu katika kisiwa hicho. Mke wangu alikuwa akinikumbusha ahadi niliyompa tangu zamani, nami nilikuwa na visingizio tele. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, safari ya njia ile ilikuwa ya wasiwasi, na kwa miezi kadhaa watu wa Lamu waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2020 yakaja maradhi ya korona, na wageni wakatoweka. Sasa njia ya kutoka Garsen kupitia Witu imetiwa lami, mabasi yanakwenda, na visingizio vyangu vikaniishia.

Basi tukatoka Mombasa Ijumaa alfajiri kwa nia ya kulala siku mbili. Baada ya alasiri tulikuwa Mokowe, na muda si muda boti ikatushusha Lamu.

SAMAKI ASIYE NA JINA

Usiku wa kwanza tulikuwa tumechoka, tukaingia katika mkahawa mmoja kando ya bahari, mahali pazuri penye taa na upepo. Karatasi ya vyakula iliandikwa kwa Kiingereza, na sehemu moja ilitengwa kwa vyakula vya Kiswahili. Nikaagiza samaki wa kupaka, mke wangu akaagiza wali wa nazi na pweza. Sahani moja ilikuwa shilingi 1,500.

Samaki alipokuja alikuwa amekaangwa kwa mafuta, kisha akamwagiwa mchuzi mweupe uliofanywa mzito kwa unga. Kando yake palikuwa na fungu la chipsi. Nikamwuliza kijana aliyetuhudumia ni samaki gani. Kijana alikuwa na adabu sana, akaenda jikoni kuuliza, akarudi akaniambia, "Mzee, ni samaki wa baharini." Mke wangu akajifunika kinywa kwa ncha ya buibui.

Sikumlaumu kijana yule. Alitoka kwao kutafuta riziki, naye alifanya kazi kama alivyofundishwa. Lakini samaki wa kupaka kila mtu wa Pwani anamjua. Huchomwa kwanza juu ya makaa, halafu hupakwa tui zito, lile kasimile, lililotiwa ukwaju au ndimu, kitunguu thomu na pilipili, akageuzwa na kupakwa tena mpaka tui limshike. Jina lenyewe laeleza kazi. Anayemwaga hakupaka.

Nikatazama meza za jirani. Wengi waliokuwa pale walikuwa Wakenya wenzetu waliosafiri kutoka bara, wengine na watoto wao. Walikuwa wakila kuku na chipsi, chakula ambacho wangalikipata karibu na milango ya nyumba zao bila ya kuliona hata wimbi moja. Watu wamefunga safari ya siku nzima kuja kula walichokiacha nyumbani! Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kosa ni la nani.

IBN BATTUTA ALILISHWA NINI

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Alipofika Mogadishu alipokewa kwa heshima ya mwanachuoni, na kwa siku tatu akawa analetewa chakula mara tatu kwa siku. Mwenyewe aliandika kwamba hiyo ndiyo desturi ya watu wale. Akaeleza na chakula chenyewe: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga; ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa; na pembeni mtindi, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe.

Kutoka huko akaja Mombasa, ambako alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Hakuandika mengi, lakini alikumbuka kutaja ndizi na ndimu za kisiwa, akasema chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao huletwa kutoka mahali pengine. Pia aliwasifu kwa uchaji Mungu wao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri.

Msomaji ayatazame mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba sinia lile la Mogadishu, ingawa limepita karibu miaka 700, si geni kwetu. Wali, kitoweo, achari ya ndimu na embe, mtu yeyote wa Lamu au Mombasa angekaa akanawa mikono bila ya kuuliza. La pili ni kubwa zaidi. Mgeni yule hakutafuta mkahawa. Alilishwa na wenyeji wake, na hakuna aliyemletea hesabu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Watu wetu waliishika sunna hiyo barabara. Walijua sana kumlisha mgeni, lakini kumwuzia chakula hawakukujua, wala hawakuona haja ya kujifunza.

KWA NINI CHAKULA KIMEFICHWA

Kwa sababu hiyo chakula kizuri cha Mswahili kimekuwa ndani ya nyumba kwa karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liko juu kabisa, katika kidari cha meko, ili moshi upate kutoka na wapishi wawe katika stara yao. Kula njiani kulihesabiwa ni ukosefu wa adabu. Mikahawa ya mijini aghalabu ilishikwa na Washihiri na Wahindi, nao wakatuletea mambo ambayo leo tunayahesabu kuwa yetu. Lakini wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa sinia, bokoboko na vitoweo vya arusini vilibaki majumbani.

Baada ya Uhuru yakajengwa mahoteli mengi ya watalii ufuoni, kuanzia Diani hadi Malindi. Mahoteli yale yalipikia wageni wa Ulaya vyakula vya Ulaya, na wageni wenyewe walikuwa wamekwisha kulipa kila kitu kabla ya kuondoka kwao. Chakula cha Kiswahili kilipewa usiku mmoja katika wiki, pamoja na ngoma. Mwenyeji alifika pale kwa kufua mashuka au kulinda lango, lakini jungu lake halikufika.

Leo hali imebadilika, na ndiyo sababu nasema jambo hili lataka kutazamwa sasa. Treni mpya ya Nairobi na Mombasa ilianza kubeba abiria tarehe 31 Mei 2017, na tangu hapo mtu wa Nairobi aweza kutoka kwake asubuhi akala chakula cha mchana Mombasa. Kwa hesabu za serikali za miaka ya karibuni, Wakenya wenyewe ndio wanaolala siku nyingi zaidi katika mahoteli ya nchi hii kuliko wageni wa ng'ambo. Mgeni huyu mpya hakuja kutafuta chakula cha Ulaya. Anataka pilau, biriani, mahamri na mbaazi, viazi karai na mishkaki. Tazama bustani ya Mama Ngina pale Mombasa, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, namna watu wanavyojaa jioni kwa mihogo ya kuchoma na madafu.

Tena wengi katika wageni hawa ni Waislamu waliofuatana na jamaa zao. Wanatafuta mahali ambapo nyama yake haina shaka, pombe haiuzwi katika meza ya pili, na adhana inasikika. Ukitafuta mji wa kuwafaa watu hao, hutapata mwingine unaoushinda mji wa Lamu. Lakini mgeni huyo akifika haoni mlango wa kuingilia. Chakula anachokitamani kiko hatua chache nyuma ya mkahawa, ndani ya kichochoro, na hakuna wa kumwambia.

MLANGONI PA MAMA MMOJA

Sisi tuliongozwa na pua zetu. Jumamosi baada ya swala ya alasiri tulikuwa tukizunguka mitaani, tukipishana na punda, mara ikatujia harufu ya mkate. Katika daka la nyumba moja alikuwa amekaa mama wa makamo, mbele yake sinia lililofunikwa kawa. Mke wangu akatoa salamu.

"Waalaykumu salaam," akajibu mama yule. "Karibuni, ndugu zangu. Wageni wa wapi?"

"Mombasa, dada."

"Mombasa si ugeni. Kaeni."

Akafunua kawa. Palikuwa na mikate ya mofa iliyotoka tanurini muda ule ule, viazi karai, na kaimati za shira. Mkate mmoja ulikuwa shilingi 20. Tukala pale pale, nami nikasahau yale niliyofundishwa juu ya kula njiani. Mke wangu akamwuliza kama twaweza kupata wali usiku ule, kwa malipo. Akafikiri kidogo, akasema, "Nipeni mpaka baada ya isha. Samaki nitamtuma mtoto akatazame mashua zilizofika."

Tuliporudi, mke wangu aliingia ndani kwa wanawake, nami nikaketi dakani na mumewe, mvuvi wa miaka mingi. Tukaletewa wali wa nazi, changu wa kupaka, mchicha, achari ya ndimu na maji ya ukwaju. Changu yule tui lilimshika kama ngozi ya pili, na moshi wa makaa ulikuwa bado uko ndani ya nyama yake. Tulilipa shilingi 400 kila mtu, na mama yule aliona aibu kuzipokea.

Nikamwuliza kwa nini hatoki kuuza kule ufuoni ambako wageni ndiko walipo. Akanijibu kwa swali: "Nikae wapi?" Aliwahi kujaribu, akaambiwa aondoke kwa kuwa hana kibali. Kibali kinataka mahali, na mahali hana. Akatueleza pia kwamba kila asubuhi yuko kijana anayekuja kununua mahamri kwake, shilingi 10 moja, akayapeleka mahali wanapolala wageni. Huko husikia yanauzwa 50. Mgeni anayesifu mahamri yale hajui yametoka kwa nani, na aliyeyapika hajui yamesifiwa.

Mambo yote niliyotaka kuyasema katika makala haya yamo ndani ya hesabu hiyo ndogo ya mahamri. Mgeni amekuja, lakini aliyepona ni yule aliyesimama katikati.

BAHARI, NAZI NA MCHELE

Mume wake alinieleza upande mwingine wa habari. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi Mei 2021. Kabla ya hapo wavuvi walikuwa wamekwenda mahakamani kulalamikia uchimbaji wa bahari katika sehemu walizokuwa wakivua, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mzee yule hakutaka kuzungumza sana juu ya fedha hizo. Alichonieleza ni kwamba sasa yampasa kwenda mbali zaidi, na kwenda mbali ni mafuta ya mashine. Kamba mawe na kaa wakubwa hawafiki tena katika vyungu vya mitaani, kwani wachuuzi huwangoja wavuvi pwani na kuwanunua wote kwa ajili ya mahoteli na masoko ya mbali.

Ukiongeza nazi, ambayo bei yake kila mama mwenye mbuzi ya kukunia anaijua, na mchele, ambao nchi yetu huagiza mwingi wake kutoka nje, hasa Pakistan, utaona kwamba sahani ya wali wa nazi na samaki imesimama juu ya mafiga matatu, na mpishi hana mamlaka juu ya figa hata moja. Ule unga nilioukuta katika mchuzi wa usiku wa kwanza haukuletwa na ujinga wa mpishi peke yake. Kasimile ni ghali, na unga ni rahisi. Mpishi akiona wageni hawajui tofauti, atatia unga leo, na kesho mwanafunzi wake atadhani ndiyo desturi. Hivyo ndivyo mapishi yanavyokufa, taratibu, huku jina lake lingali limeandikwa kwenye karatasi.

Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta, milango na vichochoro vina watu wa kuvitetea, na ni jambo la kushukuru. Ujuzi wa mikono hauna ukuta wa kuushikilia. Ukikosa mnunuzi kwa miaka ishirini, binti hatajifunza kwa mamake, nasi tutabaki kusimulia.

LIFANYWE NINI?

Najua wako wenzangu watakaosema kwamba chakula cha mgeni hakiuzwi, na kwamba kumtoa mama jikoni kumweka njiani ni kuvunja stara. Naiheshimu hoja yao, kwani asili yake ni ukarimu na haya. Lakini biashara Mwenyezi Mungu ameihalalisha, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu hajapata kula chakula bora kuliko kile kinachotokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Na mama yule tayari anauza. Ila anauza kwa shilingi 10 kitu cha 50, kwa sababu hana mahali.

Stara nayo yaweza kulindwa. Serikali ya kaunti ingetenga mahali karibu na ufuo, penye maji, taa, choo na paa la makuti, kutoka alasiri hadi baada ya isha, akina mama wakakaa pamoja kwa kibali cha bei nafuu. Asiyetaka kutoka apike nyumbani, mwanawe au nduguye auze. Bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, imeonyesha kwamba mgeni atatembea usiku kufuata chakula mahali palipopangwa. Lakini tusiyaige makosa yake. Aghalabu wanaosimama mezani pale ni wanaume, na bei huweza kubadilika kulingana na sura ya mnunuzi. Bei iandikwe ubaoni, mgeni wa ng'ambo na mtu wa Langoni walipe sawa.

Wenye mikahawa na nyumba za wageni nao wana lao. Kama mahamri yametoka katika mtaa fulani, kwa nini mgeni asiambiwe, na mpishi akalipwa bei ya haki? Na kama hawana mpishi anayejua kupaka samaki, wamwite mama mwenye ujuzi awafundishe vijana wao, wamlipe kama mwalimu. Kijana wa kutoka bara hana kosa la kutojua. Kosa ni la sisi tuliomwacha asimame peke yake mbele ya mgeni na jina la chakula chetu mdomoni.

Lakini kabla ya kumnyooshea kidole mtu mwingine, tujitazame. Jumamosi usiku, sisi wenyewe tunapotoka na watoto wetu Mombasa, twala nini? Chipsi na soseji. Sisemi chipsi ni haramu. Viazi karai navyo ni viazi vya bara, na muhogo wenyewe ulivuka bahari kutoka Marekani ya Kusini. Jiko la Mswahili halikuwahi kumfungia mgeni mlango, mradi akiingia atiwe ndimu na pilipili. Ninachosema ni kwamba mtoto ambaye hajapata kuuonja mkate wa mofa hatauulizia akiwa mkubwa, na asipouliza yeye, mgeni atauulizia kwa nani?

Jumapili alfajiri, tulipokuwa tukiteremka kwenda kupanda boti, mtoto wa yule mama alitukimbilia na kifurushi. Ndani mlikuwa na mikate minane na chupa ndogo ya achari. Nikatia mkono mfukoni, mtoto akarudi nyuma. "Mama asema hii ni ya njiani," akaniambia. "Ya njiani haiuzwi." Tukaila mpaka Malindi.

Mimi nimeeleza niliyoyaona kwa siku mbili. Wenye Lamu yao wanajua zaidi, na kaunti ikikaa kupanga habari za wageni, akina mama wanaopika ndio wa kuitwa kwanza.